Mabalungi mawili ya Dublin

Umeuliza kama kususia bidhaa kunaweza kuigusa serikali dhalimu, na wengi hapa wanasema ni kazi bure. Mimi nakataa.

Julai 1984, pale Dublin, keshia wa miaka 21 aitwaye Mary Manning alifikiwa na mteja mwenye mabalungi mawili ya Afrika Kusini. Chama chao cha wafanyakazi kilishaagiza bidhaa za makaburu zisiuzwe, basi akakataa kuyapokea. Akasimamishwa kazi. Wenzake wachache wakatoka naye, wakasimama nje ya duka kwenye baridi kwa karibu miaka mitatu, wakiishi kwa posho ndogo ya mgomo. Mwaka 1987 Ireland ikapiga marufuku matunda na mboga kutoka Afrika Kusini.

Je, mabalungi ndiyo yaliyoangusha ubaguzi wa rangi wa makaburu? Hapana. Waliobeba mzigo mzito ni watu wa kule kule Afrika Kusini. Katika mji wa Port Elizabeth mwaka 1985 weusi waliacha kununua katika maduka ya wazungu, na baada ya miezi michache wenye maduka wenyewe wakawa wanaibembeleza serikali iwaachie viongozi waliokamatwa. Hapo ndipo kususia kunapouma: dhalimu anabaki na kiburi chake, lakini wanaomuunga mkono wanaanza kuhesabu hasara.

Ila inahitaji subira. Mwalimu Nyerere alihutubia mkutano wa kwanza wa kususia bidhaa za Afrika Kusini, jijini London, Juni 1959. Mandela alitoka gerezani 1990.