Usiukate mkrismasi wako mwezi wa nane

Mwezi wa nane, huku kwetu Nyegezi, Mwanza, mkrismasi, ule mti wa maua mekundu ya Desemba, unatia huruma kuutazama. Vijani vyake vimekwisha kupukutika, yamebaki matawi matupu na maganda marefu meusi yanayoning'inia. Mwaka mmoja nilipouona wangu katika hali hiyo niliamini umenifia. Nikaumwagilia asubuhi na jioni, ndoo baada ya ndoo, mpaka shina likasimama kwenye tope. Nilipoona haubadiliki, nikamwita kijana aje aukate.

Mzee jirani yetu ndiye aliyemzuia getini. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umeukwaruza?" Akavuta kijitawi, akakwaruza gome kwa ukucha. Ndani kulikuwa kibichi kabisa. "Huu umelala tu. Uache." Desemba ile mti ukawaka mwekundu, hata waliokuwa wakipita na bodaboda wakawa wanapunguza mwendo.

Basi anza na ukucha kabla ya panga. Ukikuta kibichi, mti uko hai. Ukikuta pamekauka na kuwa kahawia, shuka chini kwenye tawi nene zaidi, ukwaruze tena. Na usiufurikishe maji ukiwa umelala, kwani mizizi iliyokaa kwenye tope huoza.

Ndugu zangu walio ng'ambo hunitumia picha za magnolia, ile inayochanua maua ya waridi kabla haijatoa majani, wakiniuliza kama inaweza kuota Mwanza. Ni mti mzuri sana, lakini hupukutisha majani kwa sababu ya baridi, na huhitaji majira ya baridi ya kweli ili uchanue vizuri. Ziwa letu la Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ila baridi yetu ya Julai ni ya kuvaa sweta asubuhi, saa nne umeshalivua. Mkrismasi asili yake ni Madagaska, kwenye misitu yenye kiangazi kirefu. Huangusha majani ili usipoteze maji. Kiangazi tunacho, kwa hiyo ndio unaotufaa.

Mahali pa kuupanda ndipo penye majuto yangu. Mti wangu wa kwanza kabisa niliuweka hatua tatu kutoka ukutani, karibu na karo la maji machafu, kwa sababu nilitaka kivuli dirishani. Mizizi ya mkrismasi haizami sana, husambaa juu juu na kunenepa. Mwaka wa sita ilikuwa imeinua sakafu ya baraza na kupasua karo. Niliukata kabla haujatoa hata ua moja, na siku hiyo nililia. Huu wa sasa uko mita kumi kutoka nyumbani. Kwa kiwanja kidogo cha mjini nakushauri kwa moyo wote uuache, upande mti mdogo zaidi.

Tena pima udongo kwa mtaimbo kwanza. Vilima vyetu ni mawe matupu, na ukigonga mwamba kabla ya nusu mita, hama. Mti wenye taji pana uliosimama juu ya jiwe huangushwa na upepo wa ziwani.

Mbegu zina ganda gumu. Mimi huzimwagia maji ya moto yaliyotoka kuepuliwa, nikaziacha humo hadi asubuhi. Zilizovimba nazipanda kwenye viriba, zilizokataa nazikata kidogo ganda kwa kikatio cha kucha na kuziloweka tena. Mche nautoa kitaluni mvua za vuli zikishashika, kwenye shimo la sentimita 60 lenye samadi iliyooza vizuri. Juu natandaza pumba za mpunga, ila nazisogeza mbali na shina, maana mchwa hawachelewi. Kwa viangazi viwili vya mwanzo, ndoo moja ya lita 20 kwa wiki inautosha. Zungushia miiba kama jirani ana mbuzi.

Kupogoa ni mwezi wa tisa, ungali mtupu, maana matawi yote yanaonekana. Tumia msumeno. Kata kwanza kidogo upande wa chini wa tawi, ndipo uje juu, la sivyo likianguka litachuna gome mpaka shinani. Ondoa yanayosuguana na yale ya chini, machache kila mwaka. Ninachokipinga kabisa ni kuukata mti kichwa, jambo ninalolikuta mitaa mingi. Machipukizi yanayofuata hushika juu juu, na mti wenyewe matawi yake ni mepesi kuvunjika. Dhoruba moja ya Novemba inatosha kuyamwaga juu ya bati la mtu.

Kwa mti ulioanzia kwenye mbegu, subiri miaka mitano au zaidi kuona ua la kwanza. Wangu leo ni mtupu tena. Watoto wameshaangua maganda ya matawi ya chini, wanayatikisa kama kayamba, na mimi nimewaomba waniachie matano ya mbegu.