Kuwinda wanyama wakubwa kwa upinde: ushauri kwa anayeanza

Swali la kwanza la kila anayeanza ni anunue upinde gani. Jibu lake ni fupi. Kwa kulungu na swala wa kadiri, upinde wa vigurudumu (wa kisasa, kamba yake hupita kwenye magurudumu madogo nchani) wenye uzito wa kuvuta, yaani nguvu ya kuvuta kamba, wa kilo 20 hadi 25 unatosha, mradi uweze kuuvuta taratibu ukiwa umekaa, bila kuuinua angani kwanza. Kwa mnyama wa kimo cha pofu, yule swala mkubwa, ongeza uzito wa upinde na wa mshale pia. Kabla ya kulipia chochote soma sheria za mahali utakapowinda, kwa sababu nyingi huweka kiwango cha chini cha uzito wa upinde, na kuna nchi, Uingereza ikiwamo, ambazo haziruhusu kabisa uwindaji huu.

Pesa na muda vitumie kwenye ncha ya mshale. Risasi huvunja na kutikisa mwili, lakini mshale kazi yake ni kukata. Mnyama hufa kwa kutokwa na damu na kwa mapafu kunywea, basi ncha butu ni ukatili. Ncha isiyonyoa malaika ya mkononi mwako haijawa tayari. Mimi napendelea ncha zenye makali yaliyokazwa moja kwa moja kuliko zile zinazokunjuka zikigonga, maana kitu kisicho na kiungo hakikwami. Zijaribu kwenye shabaha kabla ya msimu, kwani mara nyingi haziruki sawasawa na ncha za mazoezi.

Sasa njia yenyewe. Mwenye bunduki hupiga akiwa mita 150, nje ya pua na masikio ya mnyama. Wewe utapiga ukiwa mita 20, ndani kabisa ya hisia zake zote. Ndiyo maana anayeanza namshauri avizie, asinyatie. Anayevizia humwacha mnyama ndiye atembee.

Ulingo wa mita 5 au 6 juu ya mti ni mzuri, na mkanda wa usalama uufunge tangu unapoanza kupanda hadi miguu irudi chini. Mahali pa kuuweka ndipo wengi hukosea: wanatafuta penye kwato nyingi kuliko kote, wanajenga hapo hapo. Anza na upepo. Jua mnyama atatokea wapi, kisha kaa pale ambapo harufu yako inaelekea upande asikopita. Chukua kichupa cha poda laini, ukiminye kidogo kila baada ya muda, uone inakwenda wapi. Kwenye mteremko hewa ina ratiba yake: alfajiri na jioni inashuka na ubaridi, jua likipasha ardhi inapanda. Ulingo unaofaa asubuhi unaweza kukuumbua saa nne. Ukiweza, uwe na vituo viwili vya pepo mbili tofauti, na siku upepo ukikataa vyote, baki nyumbani. Wanyama wakishakunusa pale, watapakwepa kwa muda.

Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, wenyeji wa asili wa California nchini Marekani, aliyefariki huko mwaka 1916, alimfundisha daktari Saxton Pope kuwinda kwa upinde. Kabla ya kwenda kuwinda Ishi hakuvuta tumbaku wala kula samaki, na asubuhi alioga kijitoni. Siku hizi tunauziwa sabuni zisizo na harufu. Zina msaada wake, lakini hazishindi upepo mbaya.

Kunyatia kutakuja baadaye. Wakati wake mzuri ni mchana, wanyama wakiwa wamelala wanacheua na upepo umetulia upande mmoja. Ukimkuta mnyama anakula, songa akiwa ameinamisha kichwa. Simama kabla hajakiinua. Mita za mwisho vua viatu, ubaki na soksi nene. Na usimkodolee macho huyo mmoja unayemtaka, kwa sababu atakayekuona kwanza kwa kawaida ni mwenzake uliyemsahau pembeni.

Mnyama akishafika, kazi ngumu ni kuvuta. Mkono unaosogea mita 20 kutoka kwake anauona. Vuta kichwa chake kikiwa nyuma ya shina la mti au kimegeukia kwingine, na chagua mashina hayo mapema, ukiwa bado umetulia. Akikutazama katikati ya kuvuta, ganda ulivyo.

Piga akiwa amesimama ubavu, au amegeuka kidogo kukupa mgongo. Akiwa ubavu, lenga nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili kutoka chini. Akiwa amegeuka, fikiria mshale utokee kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili. Akikuelekea kifua, usipige, hata awe mkubwa namna gani. Ukiwa juu ya ulingo pinda kiunoni, usishushe mkono peke yake.

Kuhusu umbali, piga hesabu. Mshale wa upinde wa vigurudumu huenda kama mita 80 kwa sekunde, sauti huenda mita 340. Kwa mita 30, mlio wa upote (kamba ya upinde) unamfikia mnyama kabla ya moja ya kumi ya sekunde, na mshale unachelewa hadi karibu nne za kumi. Mnyama aliye na wasiwasi atakuwa ameshachuchumaa ili aruke, na mshale utampita juu. Dawa ni kumngoja atulie tena na asogee karibu.

Ukishapiga, kaa kimya. Kariri aliposimama na kichaka cha mwisho alikoonekana. Kisha usome mshale: damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, ngoja nusu saa. Damu nzito ya rangi ya giza ni ini, ngoja saa 4 hadi 6. Majimaji ya kijani yenye harufu ni utumbo, ngoja saa 8 hadi 12, kwa sababu ukimfukuza mapema atainuka na kwenda mbali bila kuacha alama. Ikitishia mvua, itabidi upime upya.

Tembea kando ya damu, usiikanyage, na kila tone la mwisho liwekee alama ya karatasi. Damu ikipotea, rudi kwenye alama ya mwisho uzunguke duara. Ukimkuta amelala, mfikie kwa nyuma, mguse jicho kwa kijiti kirefu. Asipopepesa, amekufa. Ukimkuta amefumba macho, huenda bado yu hai, usimsogelee. Kaa mbali kidogo umwongeze mshale wa pili.