Mbegu Niliyoitema Mang'ola

Swali lenu la wiki linauliza: "Je, kuna haja ya kumlipa kiongozi wa watalii akupeleke vijiji vya mbali vya nchi jirani, au mtu ajiendee mwenyewe?" Binti yangu alinisomea nikiwa nakoroga uji. Nikaanza kumjibu yeye badala yenu, na uji ukashika chini. Basi afadhali niandike.

Mimi ni mkaazi wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, si mbali na Ngome ya Yesu. Meli ya watalii ikitia nanga Kilindini, haifiki saa nne asubuhi tayari wako kwetu, wamejipanga nyuma ya kijana mwenye kibendera. Siku moja nilikuwa nimekaa barazani namngoja mtu wa mkokoteni aniletee maji, kwani mifereji ilikuwa mikavu siku ya tatu. Kijana akasimama mbele yangu, akaninyooshea mkono, akawaeleza wageni wake kwa Kiingereza kwamba wanawake wa Kiswahili hawatoki mtaani bila ruhusa ya mume, ndiyo maana utawaona wamekaa milangoni. Nimesomesha shule ya msingi miaka thelathini na moja, Kiingereza nakisikia. Na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na miaka sita kaburini. Nikamwambia, "Mwanangu, waambie nangoja maji." Akatabasamu, akawageukia, akasema: "Anawakaribisha."

Kwa hivyo kulipa au kutolipa, kwangu mimi si neno. Nilitaka muulize: yule anayetazamwa, akisema kitu, kinafika?

Tuna chama chetu cha kina mama kumi na wanne. Vyama vingine hununuliana masufuria. Sisi masufuria yametujaa mpaka chini ya vitanda, tukaamua kusafiri. Tulichanga shilingi 4,000 kila mwezi kwa miezi kumi na minane, tukampata mwenye kampuni ya kutembeza watu (simtaji), akatupangia siku kumi na mbili, nchi tatu: Voi, Taveta, tuvuke Holili, Moshi, Arusha, Karatu mpaka Ziwa Eyasi kwa Wahadzabe, wale watu wa kuwinda na kuchimba mizizi, turudi Namanga, tupande Malaba, Mbale, mpaka Moroto huko Karamoja, Uganda. Mwanangu wa kiume akaniuliza, "Mama, mnafuata nini huko? Hata bahari hakuna." Nikamwambia bahari niliiona jana.

Ya njiani nayaruka. Holili mmoja wetu alikuwa hana kadi ya homa ya manjano, yakawa maneno, yakaisha.

Toka Karatu kwenda Mang'ola, kando ya lile Ziwa Eyasi, ni vumbi tupu. Mimi gari hunichafua moyo, ndiyo sababu mkobani hapakosi pakiti ya mabuyu, yale mekundu yetu ya sukari na iliki. Nafyonza moja, natema mbegu, nafyonza jingine. Tulifika jioni, tukalala, na alfajiri tukaamshwa kabla hata ya kuswali vizuri ili tuwafuate wanaume porini na pinde zao. Buibui na miiba ya migunga havipatani, wenzangu walirudi matambara. Mimi goti langu lilikataa, nikabaki kambini na wanawake, na kiongozi wetu, kijana wa Arusha, akabaki nami kwa adabu.

Wanawake walikuwa chini ya mbuyu wanaponda ubuyu juu ya jiwe. Palikuwa na bibi mmoja mfupi, mkavu, ana shanga mbili tatu shingoni na fulana ya timu ya mpira ya Uingereza. Wao kwa wao walisema Kihadza, lugha ya vidoko, yaani sauti za kualisha ulimi, ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu popote duniani. Lakini aliponiona nimekaa alinisalimia kwa Kiswahili. Cha kwake, kimekatikakatika, lakini Kiswahili. Nikamuuliza mambo ya mwaka huu vipi. Akasema, "Mwaka huu nyama hakuna. Ng'ombe wa watu wamekula majani, wanyama wamekimbia."

Yule kijana akanigeukia na kunifasiria: "Anasema wanaishi kwa furaha na asili yao."

Nawaapia. Alinifasiria Kiswahili kwa Kiswahili! Nikamtazama, naye akatambua alichofanya, akacheka kwa haya na kusema wageni wengi hawapendi habari za huzuni. Nikamwambia, baba, nenda kaangalie gari.

Bibi akaona mdomo wangu mwekundu, akauliza ninakula nini. Nikampa buyu moja. Akalizungusha vidoleni kwanza, akalitia mdomoni, akalifyonza, kisha akatemea mate kiganjani na kuyatazama.

"Huu una damu?"

"Hapana bibi, ni rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya kupendeza tu."

"Kwani ulikuwa haupendezi?"

Sikuwa na jibu. Akawapitishia wenzake ile pakiti, kila mmoja akachukua moja, wakawa wanatoleana ndimi na kucheka mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Mimi nami katika kucheka nikatema mbegu yangu pembeni, kama tulivyozoea. Bibi akanyamaza. Akainuka, akaenda palepale ilipoangukia, akaiokota, akaipangusa kwenye fulana, akaja kuiweka juu ya jiwe pamoja na zile zao. "Mbegu umeitupa," akasema, kwa sauti ile ile ambayo mamangu angesema nimemwaga wali. Akachukua jiwe dogo, akaiponda, akanionyesha kiini chake. Wao hutwanga vyote, unga na mbegu, wakachekecha, wakakoroga na maji, ukawa uji mweupe wenye ukali kidogo. Nilikunywa kibuyu kizima. Nina miaka sitini na mitatu, nimefyonza mabuyu tangu nikiwa na meno ya utotoni, na sikuwahi kujua ndani ya ile mbegu mna nini.

Akaniuliza kwetu kuna mibuyu. Nikamwambia tele, ipo mpaka Mama Ngina pale kando ya bahari, mikubwa watu wanne hawaikumbatii. "Mnapanda?" Hatupandi. "Asali yake?" Asali tunanunua dukani. Watu wengine kwetu hata chini yake hawapiti magharibi, wanasema ina wenyewe. Hapo akacheka kweli kweli, akawafasiria wenzake, nao wakacheka. Kisha akaninyooshea mti wao, nikaona vigingi vilivyogongomelewa kwenye gogo toka chini mpaka juu, ngazi ya kufuatia asali. Sijui alisema nini kuhusu mimi kwa vile vidoko, na ilikuwa haki yangu nisijue.

Najua nimekawia hapa. Lakini bado kuna vitunguu.

Mang'ola ni nchi ya vitunguu. Ile chemchemi inayoteremka pale imegawanywa mifereji kwa mifereji, na mashamba yamejaa watu waliotoka kila pembe ya Tanzania. Bibi alinionyesha kwa kidevu: upande ule walikuwa wakichimba mizizi na kupiga wanyama waliokuja kunywa. Sasa ni vitunguu. Wenzao wa bonde la Yaeda, kusini zaidi, walipata hati ya ardhi yao mwaka 2011. Hawa wa huku wamebanwa kati ya shamba na ng'ombe, na Wahadzabe wote kwa jumla hawazidi sana elfu moja. Tulipokuwa tunatoka tulipishana na lori limejaa magunia ya nyavu nyekundu, namba ya Kenya. Mimi tangu nijue kupika pilau, soko la Kongowea huchagua kitunguu cha Tanzania, kwa kuwa kimekauka vizuri na hakiozi upesi. Garini nilinyamaza, wakadhani nimechafukwa na moyo tena.

Mpaka hapo msimamo wangu ulikuwa umekomaa, na ningewaandikia kutoka Karatu ningesema: kiongozi wa nini? Dalali wa maneno tu. Nenda mwenyewe, na salamu zako na ubuyu wako.

Kisha tukafika Moroto.

Uganda tuliingia kwa kitambulisho tu, hilo ni la kushukuru. Lakini Karamoja Kiswahili changu kiliniishia mdomoni. Uganda imekifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu 2005, katika karatasi. Pale bomani hakuna mzee aliyekijua, nami nikawa sawasawa na wale wa meli wanaosimama mbele ya baraza yangu: natabasamu na kutikisa kichwa. Kila nilichokijua nilikijua kwa kinywa cha kiongozi, kijana wa Kikaramojong wa kijiji cha jirani.

Huyu ndiye aliyenivuruga. Shoga yangu mmoja, asiyejua kunyamaza, alimuuliza mzee aliyekuwa amekalia kigoda chake, kile wanachotembea nacho kila mahali, ana ng'ombe wangapi. Kijana akafasiri. Mzee akasema maneno marefu. Tukangoja "anawakaribisha." Kijana akasema: "Mzee amekataa kujibu. Anasema kwanza umwonyeshe dhahabu yako yote, na ile uliyoiacha nyumbani kwenye sanduku." Shoga yangu akaficha bangili ndani ya buibui, na mzee akacheka meno yote nje.

Kumbe ipo kazi ya kiongozi. Kuniletea "hapana" ya mtu kama alivyoisema, bila kuipaka rangi. Baadaye kijana alitwambia mzee naye ana maswali, akakaa akatuuliza sisi kwa saa nzima: kwa nini tumevaa nyeusi katika jua, nani anachunga nyumba zetu, maji ya chumvi yote yale yanatufaa nini. Lile la mwisho tulishindwa, kila mmoja akasema lake.

Sasa mnataka jibu. Kama mahali unapokwenda mnasikilizana, usilipe, au mlipe dereva tu. Ingawa nasema hivi nikijua kuwa bila yule kijana wa Arusha na gari lake nisingefika kwa yule bibi hata kwa ndoto, na njia ile peke yangu, na goti hili, nisingeithubutu. Kama hamsikilizani, lipa, lakini awe mtu wa palepale, mwenye mamake wa kumgombeza akisema uongo. Lakini huyo utamjuaje, ukiwa Mombasa na karatasi ya kampuni mkononi?

Chama kimeshapiga kura ya safari nyingine: Marsabit, Moyale, mpaka Konso na Turmi kule Uhabeshi, bonde la Omo. Nilisema sitakwenda. Nimesikia huko baadhi ya vijiji hulipisha kila picha inayopigwa, na mimi picha za watu sitaki hata za bure. Nimekwisha kulipa miezi mitatu. Nimemwambia mweka hazina wetu nina sharti moja, kwamba yule kiongozi wa huko akitwambia "anawakaribisha" zaidi ya mara mbili, narudishiwa pesa zangu. Mweka hazina anasema kwenye katiba ya chama hakuna kifungu hicho.