Barua kwa mwanangu: likizo ya siku moja, bila mgonjwa wala msiba

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, pamoja na pale katikati mdogo alipokunyang'anya simu. Unauliza kama si uvivu, mtu mzima kuomba ruhusa ya siku nzima katikati ya wiki ili ashinde na watoto nyumbani, hakuna anayeumwa, hakuna msiba, hakuna shule iliyofungwa. Na wenzako kazini wamekucheka: kwani mama yao kaenda wapi?

Mama yao atakuwa kazini. Ndiyo maana nasema ichukue hiyo siku, tena uichukue peke yako. Mkiwa wawili nyumbani, mtoto akilia utamtazama mwenzio, na yeye kwa mazoea atakuwa ameshanyanyuka. Naye ataomba siku yake kwa wakati wake, wewe uende kazini.

Hilo la uvivu liache. Umesahau kwamba mama yako alizeekea ofisi ya utumishi, fomu za likizo zikipita mezani kwake? Likizo ya mwaka si hisani ya bosi. Tangazo la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linahesabu mapumziko na likizo zenye malipo katika haki za kila mtu. Shirika la Kazi Duniani nalo lina mkataba namba 132 wa mwaka 1970, unaotaka mfanyakazi aliyetimiza mwaka apate likizo isiyopungua wiki tatu za kazi, kwa nchi zilizouridhia. Mkataba huohuo unakubali likizo igawanywe vipande, ila kipande kimoja kiwe angalau wiki mbili mfululizo, labda muwe mmekubaliana vingine. Kwa hiyo usije ukaimaliza likizo yako yote kwa kuidokoa siku mojamoja, maana na wewe mwili wako unataka kutulia. Lakini siku moja pembeni, kuna ubaya gani?

Tarehe usimvamie nayo bosi jioni ukitaka kesho. Tafuta siku isiyo na ripoti wala hesabu za kufunga mwezi, omba mapema, mwachie mwenzako maelezo ya kazi zako kwa maandishi. Kwenye sababu andika "likizo ya mwaka", basi, usijieleze. Na usijifanye mgonjwa. Mimi nimeshika fomu za watu ambao bibi yao yuleyule alifariki zaidi ya mara moja. Siku za ugonjwa zina hesabu yake na utazihitaji utakapougua kweli. Halafu una mtoto wa miaka minne nyumbani: bosi akipiga simu, yeye ndiye atakayeipokea na kusema baba hawezi kuja kwa sababu sasa hivi ni punda.

Haya, swali lako la pili, ambalo nadhani ndilo hasa lililokufanya unitafute: utashinda nao ukifanya nini? Mipango yako nimeisikia. Asubuhi kuogelea, mchana kuangalia wanyama, kisha kwa shangazi yao, jioni sinema. Mwanangu, hiyo ni ziara ya waziri. Futa yote, bakiza jambo moja, na hata hilo uwe tayari kuliacha. Watoto hao siku zote wanaamshwa mbiombio na kuvishwa mbiombio, vaa viatu, tunachelewa, twende. Ukiwapangia ratiba utakuwa umewahamishia haraka ileile mahali pengine.

Waache waamke wenyewe. Kisha kaa umtazame mkubwa akifunga vifungo vya shati lake. Ataanzia katikati, atagundua upande mmoja umezidi, atafungua vyote, ataanza upya huku ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo. Mikono itakuwasha kumsaidia. Usimguse. Siku za kazi unamfungia wewe kwa sababu saa zinakimbia, siku hiyo zinakimbilia wapi? Akimaliza, hata kama kola imekaa upande, mtoke hivyohivyo.

Mdogo, huyo wa miaka miwili, mpe beseni la maji na vikombe viwili. Atamimina kutoka hiki kwenda kile, nusu itamwagika, atarudia, utadhani amechoka na bado. Kaa sakafuni karibu naye, si kwenye kochi, wala usimfundishe kitu. Kwamba kikombe chembamba kinajaa upesi, na maji yakishafika sakafuni hayarudi kikombeni, atayaona mwenyewe. Ila usimwache peke yake na maji hata ukiitwa mlangoni. Mtoto wa umri ule huzama kwenye maji machache sana, na mara nyingi hapigi kelele yoyote. Ukiondoka, ondoka naye.

Kufika saa nne, saa tano, utachoka. Simaanishi uchovu wa mwili, namaanisha utaona dakika hazisogei, kikombe kilekile, wimbo uleule, "baba tazama" ileile. Watu hawalisemi hili kwa kuogopa kuonekana hawapendi watoto wao. Hapo ndipo mkono utakapoanza kutafuta simu. Iache chumbani juu ya kabati, mlio ukiwa wazi kwa dharura, na usiwatulize wao kwa televisheni. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwa watoto walio chini ya miaka mitano: kwa wa miaka miwili hadi minne kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi, na kucheza na kutembeatembea kufike angalau dakika 180. Saa tatu hizo. Zinatisha kwenye karatasi, mpaka umfuate mdogo mguu kwa mguu hadi mwisho wa barabara na kurudi. Anachuchumaa kwa kila chungu, anaokota jiwe, anakukabidhi, anadai jiwe lake, anakaa chini katikati ya njia kwa sababu zake. Usimbebe ili mfike, hamna mnakokwenda.

Mchana alale. Mwongozo huo unampa mtoto wa miaka miwili saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ule wa mchana ukiwemo, na ukimnyima eti siku ni ya pekee, jioni utanikumbuka. Akishalala usikimbilie vyombo. Tangu mdogo azaliwe, mkubwa hajawahi kukupata peke yake bila mtu wa kumkatiza. Mwache achague mchezo, apange sheria, azivunje, akupe kazi. Huo upunda niliokutania nao ndio saa yake. Yale mambo anayoyaficha, nani anamsukuma shuleni, kwa nini hataki tena kulala taa ikiwa imezimwa, hayatoki ukimuuliza uso kwa uso. Hutoka mkiwa chini ya meza mnafanya jambo jingine, naye hata hakutazami.

Usishangae wakikusumbua kuliko wanavyomsumbua mlezi wao. Wataleta vilio ambavyo mlezi huyo hajawahi kuvisikia. Kwa maoni yangu mtoto humwaga yake pale anapojua hatafukuzwa, kwa hiyo usiihesabu siku kuwa imeharibika.

Mambo mawili madogo. Usiwatangazie wiki nzima kabla, maana wa miaka minne atakuuliza kila asubuhi kama leo ndiyo leo. Waambie usiku wa kuamkia siku hiyo. Na jioni yake, kabla hawajalala, waambie kesho baba anarudi kazini. Watalia mlangoni asubuhi, na bora walie ukiwa mbele yao kuliko kunyata ukatoroka.

Uliuliza kama wataikumbuka. Mdogo hapana. Watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza haiendi nyuma ya miaka mitatu hivi, kabla ya hapo hakuna kitu. Mkubwa huenda akabaki na kipande, na hutakichagua wewe. Unaweza kumpeleka baharini yeye akakumbuka chungu. Mimi hilo halinisumbui. Kama tungekuwa tunakaa na watoto ili wakumbuke, tusingemsemesha mtoto mchanga hata mmoja.

La mwisho, unataka nije kukusaidia siku hiyo. Siji. Nikija tutapiga soga mimi na wewe, na watoto wataishia kutuzunguka wakitafuta nafasi ya kuingia. Nitakuja Jumamosi itakayofuata, nikae nao mimi, ili wewe na mkeo mlale. Tarehe ukishapewa niambie, na bosi akikubana kwa maneno, nisomee alichoandika. Hizo barua nazijua.

Mama yako