Huo si mwanya

Katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Mbozi ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Naandaa taarifa ya mkutano mkuu wa wanachama. Nimeandika: 'Kampuni za kimataifa hutumia mianya ya kisheria kuepuka kodi.' Mwenyekiti amefuta 'kuepuka' akaweka 'kukwepa'. Mhasibu amelirudisha 'kuepuka', anasema kukwepa ni kosa la jinai na tunaweza kushitakiwa kwa kuchafua watu majina. Nani yuko sahihi?"

Marahaba, mwanangu. Mmegombania neno lisilo na ubaya mkubwa, mkaliacha lililooza likapita mbele ya macho yenu sita. Lakini uliloniuliza nalijibu kwanza.

Epa, epuka na kwepa ni ndugu. Kuepa ni kusogeza mwili ili kitu kisikupige. Epuka limeelekea kwenye kujitenga: mtu anaepuka ulevi, anaepuka magomvi, anaepuka njia yenye utelezi. Kwepa limebaki na jiwe: linakuja, umeliona, umeinama, limepita. Wanasheria na wahasibu wamegawana maneno haya. Kwao, anayeficha mauzo au kughushi ankara anakwepa. Anayepunguza kodi bila kuvunja kifungu chochote anaepuka. Mhasibu wenu amefundishwa hivyo, na kwenye mtihani wake atapata alama zote. Mgawanyo huo nimeshauzoea, sitapigana nao tena.

Ila hauko kwenye masikio ya wasemaji. Asiyevuta sigara ameepuka ushuru wa sigara, kwa kuwa hakukaribia hata mahali unapotozwa. Aliyefanya biashara, akapata faida, kisha akaihamisha kwa karatasi kabla mtoza kodi hajafika, huyo jiwe lilikuwa linamjia na ameinama. Na jiwe lililokwepwa haliishii hewani, linampata aliyesimama nyuma. Mwenyekiti wenu ana sikio zuri.

Sasa tuje kwenye hiyo "mianya".

Neno hili limenichosha kwa miaka. Kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma, tunaambiwa mianya itazibwa. Redio zinalirudia, magazeti yanalirudia, na katika warsha za hapa Mbeya mjini sijawahi kumsikia mtoa mada akimaliza nusu saa bila kulitaja. Naomba tulirudishe mdomoni, maana pale ndipo kila msemaji wa Kiswahili alipokutana nalo kwanza.

Bibi yangu, mama yake mama, aliishi Tukuyu. Alikuwa na mwanya katikati ya meno mawili ya juu, na akicheka hakuuficha, kwani alijua kabisa unamfanya apendeze. Siku moja masika aliteleza na mkungu wa ndizi kichwani, akapoteza jino la pembeni. Tangu hapo alipocheka aliinua upindo wa khanga kufunika upande ule mmoja tu. Sisi wajukuu tulipomuuliza kwa nini anafunika huku anaacha kule, alisema: "Mwanya kanipa Mungu, pengo kanipa utelezi."

Hakuna kamusi iliyonifundisha tofauti hiyo vizuri kuliko yeye. Mwanya umezaliwa nao. Hakuna kilichotoka pale, hakuna aliyekitoa. Pengo ni mahali palipokuwa na kitu, kikaondoka, na ukiona pengo unauliza nini kilitokea. Hata tunaposema "nikipata mwanya nitakuja kukuona", tunazungumzia nafasi iliyojitokeza yenyewe katikati ya shughuli. Zipo jamii zilizochonga meno ili kupata mwanya, najua, lakini huko nako aliyechonga alijulikana na mwenye meno alijua nani alimshika kichwa.

Ndiyo maana neno hili linawafaa sana wenye kampuni. Likishatamkwa, kosa linahama. Sheria ilizaliwa na mwanya, maskini. Wao walikuwa wanapita tu.

Tuchukue gunia la kahawa, kwa kuwa wanachama wako wanalijua kuliko mimi. Mkulima amechuma matunda mekundu, amemenya, ameosha, ameanika juu ya kichanja, akakaa hapo mchana mzima akiondoa punje mbovu moja moja kwa vidole. Gunia likauzwa, likasafiri. Mwaka 2012 wabunge wa Uingereza waliwaita wakuu wa Starbucks, kampuni ya Marekani ya migahawa ya kahawa, kueleza inakuwaje kampuni yenye mauzo ya zaidi ya pauni bilioni 3 nchini humo, katika miaka 14, imelipa kodi ya mapato ya pauni milioni 8.6 tu. Majibu yao yasome polepole. Kahawa ya migahawa hiyo ilinunuliwa na kampuni dada iliyoko Uswisi, ikaongezewa asilimia 20 juu ya bei, ndipo ikauzwa kwa ndugu wa Uingereza. Magunia yenyewe hayakushushwa Uswisi. Milima ile ilipitiwa na ankara. Kisha migahawa ikailipa kampuni nyingine dada, Amsterdam, asilimia 6 ya mauzo kwa ajili ya kutumia jina na nembo. Baadaye mamlaka ya kodi ilipohoji, malipo hayo yakashuka hadi asilimia 4.7. Juu yake kulikuwa na riba ya mikopo waliyokopeshana wenyewe kwa wenyewe. Baada ya kulipana hivyo ndani ya nyumba moja, London kulibaki hasara, na hasara haitozwi kodi.

Kampuni ilisema haikuvunja sheria yoyote, na mwenyekiti wa kamati ya wabunge, akiwaambia Google walioitwa kwenye kikao hichohicho, alikiri kwamba hawawashitaki kwa kuvunja sheria bali kwa kukosa uadilifu. Desemba mwaka huohuo Starbucks ikaahidi kulipa pauni milioni 20 katika miaka miwili.

Sasa nionyeshe mwanya hapo. Mimi naona kampuni iliyosajiliwa kwa makusudi, mkataba ulioandikwa kwa makusudi, asilimia iliyochaguliwa, na mwanasheria aliyelipwa kwa kila ukurasa. Anayekaa mezani akapanga yote hayo hajakuta nafasi.

Yupo atakayenijibu kwamba mwanya upo kweli, kwa sababu nafasi yenyewe iko kati ya sheria za nchi mbili kama ilivyo kati ya meno mawili. Hoja hiyo ina uzito, nami niliwahi kuikubali. Kwa miaka mingi sheria ya Ireland ilitazama kampuni inaongozwa kutoka wapi, na ya Marekani ilitazama imesajiliwa wapi. Kampuni iliyosajiliwa Ireland lakini ikaongozwa kutoka nje iliweza kutohesabiwa mkazi wa huku wala wa kule. Kesi ya Apple ndiyo iliyonigeuza. Mamlaka ya kodi ya Ireland iliiandikia kampuni hiyo maamuzi mawili, la kwanza 1991, la pili 2007, juu ya namna ya kugawa faida. Tume ya Ulaya ilipopiga hesabu ikakuta kwamba mwaka 2014 kampuni tanzu yake moja ilitozwa asilimia 0.005 ya faida, yaani euro 50 kwa kila euro milioni moja. Mwaka 2016 tume ikaamuru zirudishwe euro bilioni 13. Ireland yenyewe, iliyotakiwa kulipwa, ikaungana na kampuni kupinga, na kesi ikaenda hadi 10 Septemba 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoithibitisha amri ile. Meno ya bibi yangu hayakuwa na barua mbili zenye tarehe.

"Kuziba mianya" nalo lina kasoro ya pili: halimtaji mtu. Mianya izibwe na nani, na iliachwa na nani? Mwandishi amepumzika, msomaji ameridhika, na sentensi haimdai mtu chochote.

Unaniuliza basi uandike lipi. Neno mnalo tayari hapo Mbozi, mnalitumia kila msimu. Mkulima akiona ushuru wa mazao unamwelemea, ule wa asilimia 3 kwa mazao ya biashara, akapakia magunia yake usiku na kuzunguka kizuizi kwa njia ya mashambani, tunamwitaje? Sijasikia mtu Vwawa wala Tunduma akisema huyo katumia mwanya wa barabara. Tunasema ametorosha kahawa. Neno linatoka haraka, bila kumung'unywa, bila warsha. Kutorosha ni kukiondoa kitu mahali ambapo mwenye haki nacho angekikuta. Faida iliyopatikana London ikaandikwa Amsterdam imetoroshwa. Faida ya mgodi au ya shamba la chai iliyopatikana kwetu, ikaonekana kwenye vitabu vya kisiwa ambako kampuni ina sanduku la barua tu, nayo ingekuwa imetoroshwa vilevile.

Mhasibu ataruka hapa na kusema kutorosha ni kosa la jinai. Mwambie wakati mwingine ni kosa, wakati mwingine si kosa, na kazi ya kuamua ni ya mahakama. Kitenzi kinaeleza kilichofanyika: faida ilikuwa hapa, sasa haipo, na haikuondoka kwa miguu yake. Ninachokataa ni kuwa na neno kali kwa mwenye magunia 6 na neno la urembo kwa mwenye matawi katika nchi 60. Lugha yetu haikutugawia hivyo. Tumeigawa wenyewe, na waandishi wa taarifa ndio tuliotangulia.

Kama hofu ya kushitakiwa bado ipo, usikimbilie neno laini. Andika tendo lenyewe, hatua kwa hatua. Sentensi yako ingekuwa hivi: "Baadhi ya kampuni za kimataifa hutorosha faida kwa kuuziana bidhaa, kulipana ada za nembo na kukopeshana zenyewe kwa zenyewe, ili faida ionekane kwenye nchi yenye kodi ndogo na nchi ilikopatikana ikose kodi yake." Ni ndefu kuliko yako, lakini mzee wa miaka sabini aliyekaa kwenye benchi la nyuma ataielewa bila kumuuliza jirani yake, na atakuwa na maswali.

Kuhusu ugomvi wenu wa mwanzo, mwachie mwenyekiti "kukwepa" kwenye kichwa cha habari, na mhasibu abaki na "kuepuka" kwenye jedwali lake la hesabu. "Mianya" ifute kote ilipo. Nimehesabu kwenye kurasa ulizonitumia, iko mara tisa.