Kabla uamini programu ya kutengeneza RAID, ua diski moja kwanza

Bagi (kosa) ya programu inayotengeneza RAID, yaani diski kadhaa zinazoshikilia data pamoja ili moja ikifa data ibaki, ni mbaya kuliko zingine. Programu ya malipo ikiharibika unapigiwa simu siku hiyo hiyo, lakini hii inaweza kukaa miaka ikiandika "imekamilika" na kila mtu ametulia, hadi siku diski inakufa ndio mnajua zile nakala mbili hazikuwahi kuwa mbili.

Kuna skripti niliitwa kurekebisha, ofisi fulani hapa tao. Ilikuwa inatafuta partishoni (kipande cha diski) yoyote iliyo wazi inaipea mdadm, programu ya Linux ya kuunda RAID, ikachukua sda1 na sda2. Partishoni mbili sawa, lakini si diski ni moja! Ukiangalia /proc/mdstat unaona [UU] safi kabisa, maana yake zote mbili ziko sawa. Kerneli yenyewe (kiini cha Linux) ilikuwa imeandika onyo kwa dmesg, yaani kumbukumbu zake, kwamba hizo ziko kwa diski moja, ila mdadm iliendelea na kazi na skripti haikuwa inasoma dmesg hata kidogo. Dawa yake ni mistari michache tu, kabla ya kuunda chochote programu iulize lsblk -no PKNAME kila partishoni inatoka diski gani, zikitoka kwa moja ikatae na iseme kwa nini imekataa.

Sasa tafadhali, usiende kuwinda bagi kama hiyo kwa diski zenye data ya watu. Tengeneza diski za uongo: truncate -s 1G d1.img, halafu losetup -fP --show d1.img, fanya hivyo kwa tatu ama nne na kerneli itaziona kama diski kabisa. Na usizifanye saizi moja! Ukinunua diski za mtumba Luthuli Avenue, Nairobi, unaweza kupata mbili zimeandikwa 1TB na moja imepungua kidogo, kwa hivyo punguza moja ya zile zako uone programu inafanya nini.

Hizo za mtumba pia huja na alama za RAID ya mwenye nazo wa kwanza, na hapa ndipo programu nyingi nilizoona zinaanguka, zinafuta megabaiti ya kwanza kwa dd zikidhani zimemaliza. Metadata 1.2 ya mdadm (hizo alama zenyewe, toleo la 1.2) inakaa kilobaiti 4 kutoka mwanzo, hiyo itafutika, lakini 0.90 na 1.0 zinakaa mwishoni mwa diski, na GPT (orodha ya partishoni) nayo huweka nakala yake huko huko mwisho. Tumia wipefs -a, inatafuta alama hizo na kuzifuta, hata za mwisho. Lakini hakikisha diski kwa serial namba yake kupitia /dev/disk/by-id, maana sdb ya leo ukiwasha mashine upya inaweza kuwa sdc na hapo umefuta ya mtu.

Ukimaliza kurekebisha, andika faili ndani ya RAID ya zile diski za uongo, chukua sha256sum (alama ya kidole ya faili), kisha ua diski moja kwa mdadm /dev/md0 --fail /dev/loop1 na usome tena kila kitu, sha256sum iwe ile ile. Rudisha diski nyingine, ngoja isawazishe hadi mwisho, halafu ua ile ya pili. Lazima uue kila moja kwa zamu, kuua moja tu haitoshi, ile uliyobakisha inaweza kuwa ndiyo pekee iliyo na data.

Stima yetu mnaijua, hupotea ghafla, kwa hivyo piga programu kill -9 (kuizima papo hapo) ikiwa katikati ya kuunda, halafu iendeshe tena. Ikikuta kazi nusu isiseme iko sawa.

Na kama programu yako inatumia Btrfs, mfumo wa faili wenye RAID yake ndani, angalia maneno inayoandika kwa skrini. RAID1 ya Btrfs ni nakala mbili hata ukiweka diski tano, ukitaka tatu ni raid1c3 iliyokuja na kerneli 5.5 mwaka wa 2020. Nimeona programu ikiandika "diski 3, nakala 3" na hiyo ni bagi kama zile zingine, irekebishwe leo, kwa sababu kuna mtu ataisoma na kuamini anaweza kupoteza diski mbili.