Kazi Dubai: uliza msingi, usiulize mshahara

Joto likianza kupungua mwezi wa tisa, simu za sisi tulioko Deira, mtaa wa hapa Dubai, hazipumziki. Kaka, viza imetoka. Dada, naomba nifikie kwako siku mbili tatu. Na karibu kila anayepiga anauliza: huko wanalipa ngapi? Hilo swali ajenti analipenda sana, maana jibu lake ni rahisi. Muulize lingine: mshahara wa msingi ni kiasi gani?

Mkataba wa Falme za Kiarabu hauandiki fungu moja. Unaandika msingi, kisha posho ya nyumba, posho ya usafiri na vikorokoro vingine, halafu jumla. Ajenti anakutajia jumla. Sasa chukua walinzi wawili, kila mmoja amepewa dirhamu 1,800 kwa mwezi. Wa kwanza msingi wake ni 800, wa pili 1,400. Mwezi wa kawaida wanapokea sawasawa, wanakula sawasawa, hakuna anayeona tofauti. Subiri ije ovataimu. Sheria inahesabu saa ya ziada kwa mshahara wa msingi, inaongeza asilimia 25. Kwa hiyo saa moja ya yule wa kwanza ni dirhamu nne na senti, ya mwenzake ni saba na senti. Wote wamesimama mlango uleule.

Kisha kuna kiinua mgongo. Ukitimiza mwaka mmoja kazini, sheria inakupa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, na siku 30 kwa kila mwaka baada ya miaka mitano. Wa kwanza ana 560 kwa mwaka, wa pili 980. Baada ya miaka mitano mmoja anarudi nyumbani na 2,800, mwingine na 4,900. Hata likizo usiyoichukua, siku unayoondoka inalipwa kwa msingi. Ndiyo maana kampuni nyingi zinapenda msingi mdogo na posho nene. Si kosa kisheria. Ila ujue unasaini nini, na kama una kazi mbili mkononi, usikimbilie ile yenye jumla kubwa kabla hujapiga hesabu.

Karatasi ya ofa yenyewe nayo ina utambulisho wake. Kampuni zilizo chini ya wizara ya kazi ya huku, ambayo sote tunaiita Mohre, hutoa ofa kupitia mfumo wa wizara. Ina namba, na namba hiyo unaweza kuihakiki kwenye tovuti yao ukiwa Temeke au Kisauni, kabla hujauza hata kuku. Unaisaini kwanza, ndipo mambo ya viza ya kazi yanaendelea, na mkataba utakaosajiliwa baadaye unatakiwa ufanane nayo. Kampuni za maeneo huru ya biashara, kama Jebel Ali, zina mamlaka zao na karatasi zao huonekana tofauti, kwa hiyo hapo uliza ni eneo gani ukahakiki huko. Lakini PDF yenye nembo ya hoteli kubwa, iliyotumwa kutoka anwani ya Gmail, ikikutaka ulipe “ada ya usindikaji” ndani ya saa 24? Futa.

Na hilo la malipo. Sheria ya kazi namba 33 ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Pasipoti unalipia wewe, cheti cha polisi unalipia wewe. Viza ya kazi analipia mwajiri. Kuna watu watakuuzia kitu kinachoitwa viza ya azad: unamlipa mtu akudhamini kwenye kampuni ambayo hutafanya kazi, kisha unajitafutia mtaani. Watakuambia kila mtu anafanya hivyo. Wengi wanafanya kweli, na ndio haohao wanaotembea mitaa ya Naif wakikwepa mkaguzi, kwa sababu kibali kinasema kampuni moja na wao wako kwingine.

Wakenya, majina ya mawakala waliosajiliwa yako kwa mamlaka ya taifa ya ajira, NEA. Watanzania wa bara, anzieni TaESA, huduma ya ajira ya serikali. Ni dakika chache tu, na bado watu wanaziruka.

Waliokuja kwa viza ya matembezi ni wengi, sitajifanya hawapo. Kutafuta kazi ukiwa na viza hiyo, kupeleka CV na kwenda usaili, watu wanafanya kila siku. Kufanya kazi ni jambo lingine. Mtego wake una sura nzuri: mwenye saluni au mkahawa anakwambia, “Njoo wiki moja tukuone, viza inashughulikiwa.” Wiki inakuwa mwezi, siku za viza zinaisha, na kila siku ya kuzidi ni faini ya dirhamu 50. Tangu 2024 mwajiri anayeajiri mtu bila kibali anaweza kutozwa kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni moja, kwa hiyo mkaguzi akiingia mlangoni, bosi atakuwa wa kwanza kusema hakufahamu. Wewe utapandishwa ndege. Kama wanakutaka, waanze na ofa.

Ukija hivyo, usije na nauli tupu. Weka pesa ya kitanda na chakula kwa muda wote wa viza, na tiketi ya kurudi. Kitanda maana yake ni kitanda hasa: chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, pazia, foleni ya choo alfajiri. Deira, Satwa, Al Rigga, vipo tele. Ila mwaka 2025 manispaa ilianza kuwabana wenye nyumba waliogawa vyumba kwa mbao bila kibali, na wapangaji wakajikuta nje na mabegi. Muulize anayekupangisha ana mkataba wa hiyo nyumba au naye kapanga kwa mtu. Usimlipe miezi miwili mbele.

CV ya huku ina tabia zake. Wanataka picha, uraia, aina ya viza uliyonayo na inaisha lini, na lini unaweza kuanza. Namba ya simu iwe ya huku na iwe na WhatsApp, maana afisa ajira hatapiga +255. Ukurasa mmoja unatosha, mbili ukizidi. Kazi za hoteli hufunguka zaidi msimu wa wageni unapokaribia, na msimu huo ni Oktoba hadi Aprili. Anayetua Julai atatembea kwenye joto la zaidi ya nyuzi 40 akiambiwa arudi baadaye. Ulinzi hapa Dubai unahitaji leseni ya SIRA, mamlaka ya ulinzi ya hapa, yaani mafunzo na mtihani, kwa hiyo uliza nani analipia na kama watakukata baadaye. Udereva? Leseni ya Kenya au Tanzania haibadilishwi kaunta kama ya Mwingereza. Utaingia shule ya udereva, na bili yake ni maelfu ya dirhamu. Aliyekuahidi kazi ya bodaboda ya chakula bila kutaja hilo kakuficha jambo.

Vyeti vya shule vihalalishwe ukiwa nyumbani: wizara husika, mambo ya nje, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu. Kuvifuatilia ukiwa huku kwa kumtuma binamu ni mateso na gharama. Na upime afya kwanza. Viza ya kazi haitoki bila kipimo cha VVU na picha ya kifua kwa ajili ya kifua kikuu. Hata kovu la zamani kwenye mapafu linaweza kuzuia safari. Ni heri uambiwe Muhimbili kuliko uambiwe hapa baada ya kukopa nauli.

Dada zangu mnaokuja kazi za ndani, sheria yenu ni nyingine kabisa, namba 9 ya 2022. Inawapa siku moja ya mapumziko kwa wiki, na saa 12 za kupumzika kila siku, nane kati ya hizo zifuatane. Pitieni ofisi iliyoidhinishwa na wizara ya huku. Mkipitia kwa “mama fulani anayejua familia nzuri”, hamna pa kushtaki.

Ukishaingia kazini, pasipoti ikae na wewe. Supavaiza atasema ni kwa usalama tu. Sheria haimruhusu mwajiri kuzuia nyaraka zako. Mpe nakala. Mshahara upite benki au kadi ya mshahara, kwa sababu malipo hayo wizara inayaona, ya bahasha haiyaoni. Kata bima ya kupoteza kazi mapema: kwa mishahara yetu ni dirhamu tano kwa mwezi, na asiyekata anapigwa faini ya 400.

Miezi ya majaribio haizidi sita. Ukiona pabaya ndani ya muda huo, kuondoka kunaruhusiwa: notisi ya siku 14 kama unarudi nyumbani, mwezi mmoja kama unahamia mwajiri mwingine humuhumu nchini, na huyo mpya anaweza kudaiwa gharama za kukuajiri. Iandike, itume kwa baruapepe, uihifadhi. Ukiacha kwenda kazini kimyakimya, anaweza kukuripoti mtoro, na kulifuta hilo jina kutakugharimu muda na pesa kuliko hizo siku 14.